Natafuta programu ya kufuatilia matumizi ya vepu, kaunta ya kifaa hainipi picha kamili

Mvuke_Mwembamba:

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie hili maana nimezunguka nalo wiki ya tatu sasa. Mimi niliacha sigara za kawaida nikahamia vepu, yaani sigara ya umeme, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, na kiukweli sigara sijairudia hata moja, namshukuru Mungu. Sasa nataka nipunguze na hii vepu yenyewe mpaka niiache kabisa, na nilivyokaa chini kupanga nikagundua sijui navuta kiasi gani. Yaani sijui kabisa. Sigara ulikuwa unajua, pakiti ina 20, jioni unafungua unakuta zimebaki 6, basi leo umevuta 14. Vepu haina mwisho, iko mfukoni, unapiga pafu mbili unairudisha, dakika kumi unaitoa tena, hakuna kichungi cha kutupa wala majivu ya kukukumbusha.

Kifaa changu kina kaunta ya pafu kwenye skrini na kila usiku naiandika kwenye simu. Nilipokuwa natumia likwidi (yale maji ya vepu) yenye nikotini miligramu 12 kwa mililita nilikuwa kati ya pafu 180 na 200 kwa siku. Nikashuka kwenye likwidi ya 6, nikafurahi sana nikajua nimekata nusu. Kaunta ikapanda kidogo ikafika 230 hivi, nikasema sio mbaya. Ila chupa zinaisha haraka mno, haraka kuliko hilo ongezeko la kwenye kaunta, na hapo ndo nimekwama. Kama pafu zimeongezeka kidogo hivyo, hii likwidi inaenda wapi? Tenki halivuji, nimelikagua na nimebadilisha hata mpira wa chini.

Ninachotaka ni programu ya simu au ya kompyuta ambayo itanionyesha saa zipi navuta sana, nikotini kiasi gani kwa siku, na kama kweli napungua au najidanganya. Simu yangu ni iPhone na nimetafuta kwenye duka lao nimekosa kabisa ya kuunganisha na kifaa, zipo za kubonyeza kwa mkono tu kila ukivuta. Laptop ninayo ya Windows. Mwenye uzoefu atiririke tafadhali.

KoiliMbili:

Mkuu kaunta yako iko sawa, shida ni kwamba inahesabu mibonyezo ya kitufe basi. Pafu ya sekunde 1 na pafu ya sekunde 5 kwake zote ni moja. Hata ule mbonyezo wa kupasha koili mpya (ule waya unaochemsha likwidi) kabla hujavuta nao unahesabiwa. Ulipotoka 12 kwenda 6 mwili ulidai fungu lake, na wewe bila kujua ukaanza kuvuta ndefu zaidi. Watafiti wameshalipima hili maabara, mtu akipewa likwidi dhaifu anavuta mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi ili afidie. Sio udhaifu wako, ndo nikotini inavyofanya kazi. Kwa hiyo likwidi yako haijapotea, imeenda kwenye urefu wa pafu.

Kitu cha kufuatilia ni SEKUNDE. Jumla ya sekunde ambazo koili imewaka kwa siku. Ukishakuwa na sekunde, mililita unaipata, na ukishakuwa na mililita, miligramu za nikotini ni kuzidisha tu.

Sasa programu. Inategemea kifaa chako kina chipu gani. Kama ni kifaa chenye chipu inayoitwa DNA ya kampuni ya Evolv, we una bahati, kuna programu yao inaitwa EScribe, unachomeka waya wa USB kwenye laptop inakusomea takwimu zilizokaa ndani ya kifaa, idadi ya pafu, wastani wa urefu wa pafu na wastani wa wati. Ina na sehemu ya kuonyesha grafu moja kwa moja, ukibonyeza kitufe unaona mstari wa wati unapanda, joto linapanda, ukiachia unashuka. Mi mara ya kwanza kuiona nilikaa nayo nusu saa nikiangalia pafu yangu mwenyewe kwenye skrini, nikaona nilikuwa nabonyeza kitufe karibu sekunde nzima kabla sijaanza kuvuta, likwidi inaungua bure. Ila elewa kitu kimoja, hiyo grafu inakwenda wakati kifaa kimechomekwa tu. Ukichomoa ukatoka nacho, kitakachobaki ni jumla na wastani, sio pafu moja moja na saa yake.

Kama ni kifaa cha kampuni ya Joyetech, Wismec au Eleaf cha zamani zamani kidogo, angalia kama kiko kwenye orodha ya ArcticFox. Hiyo ni programu ya ndani ya kifaa iliyotengenezwa na wapenzi wa hivi vitu, unaiweka badala ya ile iliyokuja nayo, na unaisimamia kwa kompyuta kupitia NFE Toolbox. Inahesabu pafu na inahesabu pia muda wa jumla wa kuvuta, ndo hasa unachotafuta. Tahadhari: hakikisha ni toleo la kifaa CHAKO, betri imejaa, na usiguse waya mpaka imalize. Ukichomoa katikati unaweza kubaki na kipande cha chuma.

Kuhusu iPhone acha kujitesa kutafuta. Novemba 2019 Apple waliondoa kwenye duka lao programu 181 zinazohusu vepu, na kabla ya hapo mwaka huohuo walishaacha kupokea mpya. Ndo maana hata kampuni ya vepu ya JUUL walipotoa kile kifaa chao cha C1 chenye Bluetooth Uingereza mwaka 2019, kinachohesabu pafu kwenye simu, programu yake ilikuwa ya Android tu. Zile ulizoziona za kubonyeza kwa mkono ndo zilizobaki.

Kutoka sekunde kwenda mililita fanya hivi. Jaza tenki mpaka mstari unaoujua, reseti kaunta ya muda, vuta kama kawaida mpaka lishuke kwenye mstari mwingine unaoujua, soma sekunde. Tuseme mililita 4 zimekwenda kwa sekunde 480, basi mililita 1 ni sekunde 120. Hiyo ndo namba yako, andika mahali. Ukibadilisha koili au ukipandisha wati namba imekufa, upime upya.

Bi_Shuwari:

Mwanangu hongera kwanza kwa kuiacha sigara, usilipite hilo haraka haraka, mwaka na miezi miwili ni kazi kubwa.

Mimi nimekaa miaka mingi na watu wanaotaka kuacha tumbaku, sio mtu wa kompyuta, kwa hiyo hayo ya chipu namwachia KoiliMbili. Ila nataka uongeze kitu kimoja kwenye hesabu yako ambacho hakihitaji programu yoyote: umeamka, imepita dakika ngapi mpaka pafu ya kwanza? Basi. Andika hiyo kila asubuhi.

Kuna kipimo cha utegemezi wa nikotini kinaitwa Fagerström, kinatumika kliniki nyingi duniani, kina maswali sita, na hili ni mojawapo ya maswali yenye uzito mkubwa kuliko mengine. Kwenye sigara, mtu anayevuta ndani ya dakika 5 za kuamka anapata alama 3, kati ya dakika 6 na 30 alama 2, kati ya 31 na 60 alama 1, baada ya saa nzima anapata sifuri. Sababu iko wazi. Nikotini kwenye damu hupungua nusu kwa takriban saa 2. Umelala masaa 8, imeshakatwa nusu mara nne, unaamka mwili umekauka. Aliyezoea sana anaamka na arosto, mkono unatafuta kifaa hata macho hayajafunguka vizuri. Anayeanza kuachana nayo anaamka, anaoga, anakunywa chai, ndo anakumbuka.

Nimewaona watu ambao jumla ya siku haijashuka hata kidogo ila hiyo dakika ya kwanza imesogea kutoka 3 kwenda 40, na mimi nawahesabu wamesonga mbele. Na nimewaona wengine wamejibana mchana mzima jumla imeshuka, lakini kifaa kinalala chini ya mto. Hao bado.

Kwa hiyo weka zote mbili mwanangu. Na ukiona unakosa usingizi au hasira zinazidi unapopunguza, shuka taratibu, au nenda kliniki kaongee nao kuhusu plasta au bazoka za nikotini, hizo dozi yake inajulikana.

FailiLangu:

Nakazia alichosema KoiliMbili ila niweke na upande mwingine. Mi nilikuwa na kifaa kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth, sitaitaja kampuni. Programu ilikuwa nzuri kweli, kila pafu na saa yake, grafu ya wiki, kila kitu. Nikakaa nayo miezi tisa, nimepanga mpango mzima wa kuacha kwa kufuata zile grafu. Siku moja nimefungua inaniambia siwezi kuingia kwenye akaunti. Seva imezimwa. Data yote ya miezi tisa imekwenda nayo, na hakukuwa na kitufe cha kutoa faili, nilitafuta sana. Iliniuma mno kwa sababu haikuwa namba tu, ilikuwa ndo ushahidi wangu kwamba nilitoka pafu 400 nikafika 150.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja, kama programu hainipi faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel) nikalisevu mwenyewe, siitumii. Na kabla hujafungua akaunti soma wanachukua nini. Yangu ilikuwa inaomba ruhusa ya mahali nilipo, nikaikubalia bila kufikiria. Fikiria mtu ana rekodi ya kila mahali ulipovuta na saa yake, kwa miezi tisa. Kuhesabu pafu hakuhitaji kujua uko wapi. Taarifa za tabia yako ya nikotini ni taarifa za afya, kaa nazo mwenyewe.

Kwa OP (mwenye mada): Excel kwenye laptop yako inatosha kabisa. Soma kaunta mara nne kwa siku kwa saa zilezile, andika, toa ya nyuma kwenye ya mbele, unapata umevuta kiasi gani kwenye kila kipande cha siku. Hujui pafu ya saa 9 na dakika 12, lakini unajua ya kutosha. Dakika moja kwa siku.

Na usiamini mistari ya tenki peke yake. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma mpaka 0.1 ya gramu. Asubuhi weka tenki NA chupa pamoja juu ya mizani, andika. Usiku weka tena vyote viwili. Hata kama umejaza mara tatu mchana haijalishi, kilichopungua ndo ulichovuta. Likwidi ya nusu kwa nusu ya PG na VG (vile vimiminika viwili vinavyochanganywa kutengeneza likwidi, vimeandikwa kwenye chupa) mililita moja ina uzito wa kama gramu 1.15, yenye VG nyingi inakaribia 1.2. Gawanya, umemaliza.

Hamu_Imeisha:

Naandika kwa nia njema kabisa, sipingi mtu. Kuhesabu kunafaa ila kunaweza kukugeukia. Mimi niliweka programu ya kubonyeza kila nikivuta, ikawa inanitumia notifikesheni, "hujavuta kwa saa 2, endelea hivyo hivyo". Nilikuwa nimeshasahau habari za vepu, niko na kazi zangu, notifikesheni inaingia, nakumbuka, hamu inapanda, navuta. Ilinichukua wiki kuunganisha hilo. Halafu nikaja na kitu kingine, nikiwa na pafu 60 na lengo langu ni 80 navuta zile 20 kabla ya kulala kwa sababu "zipo". Lengo la kupunguza likageuka posho.

Nilichofanya nikazima notifikesheni zote, nikaacha kuangalia jumla mchana, naangalia mara moja tu kwa wiki, Jumapili. Kaunta ya kwenye skrini nikaificha kwenye seting, kifaa changu kiliruhusu. Namba iendelee kuhesabiwa lakini isinikodolee macho kila nikivuta. Miezi mitano baadaye niliacha. Kila mtu na kichwa chake, ila OP ukiona namba zinakupa presha ujue hauko peke yako.

Mvuke_Mwembamba:

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi moyoni, samahani nimekaa kimya karibu wiki tatu nilitaka nije na kitu cha maana.

Kifaa changu kimo kwenye orodha ya ArcticFox. Niliiweka usiku mmoja, mikono inatetemeka nikikumbuka maneno ya kipande cha chuma, ikakubali mara ya kwanza. Nikapima tenki kama KoiliMbili alivyosema, kwangu mililita 1 ni sekunde 124. Nikanunua na mizani. Siku ya kwanza ya kulinganisha hesabu ya sekunde ilinipa mililita 6.4 na mizani ikanipa 6.3, nikajua njia iko sawa.

Nilikuwa na chupa ya miligramu 12 imebaki nusu, nikaamua niitumie siku nne ili nipate picha ya zamani kwa kipimo kipya, halafu siku sita za 6. Haya ndo niliyoyapata na naomba myasome kwa makini maana mimi yalinikalisha kitako.

Kwa likwidi ya 12, wastani pafu 191, sekunde 496. Kwa likwidi ya 6, pafu 228, sekunde 798. Yaani pafu zimeongezeka kama asilimia 19 tu lakini muda umeongezeka asilimia 61. Pafu yangu imetoka sekunde 2.6 ikaenda 3.5 na sikuwahi kuhisi tofauti hata kidogo. Mililita zimetoka 4 zikaenda 6.4. Zidisha sasa: 4 mara 12 ni miligramu 48, 6.4 mara 6 ni kama 38. Najua hiyo ni nikotini iliyotoka kwenye chupa, sio yote inaingia kwenye damu, lakini kwa kulinganisha mimi na mimi inatosha. Nilidhani nimekata nusu, kumbe nimekata moja ya tano, na kwa hiyo moja ya tano navuta mvuke mwingi zaidi kuliko mwanzo.

Kilichonigusa zaidi ni ile ya FailiLangu ya kusoma mara nne. Kuamka mpaka saa 4 asubuhi sekunde 118. Saa 4 mpaka saa 10 jioni 190. Saa 10 mpaka saa 2 usiku 170. Saa 2 usiku mpaka saa 6 usiku nalala, sekunde 320. Masaa manne, asilimia 40 ya siku nzima. Na nikajiangalia hayo masaa nafanya nini, niko mbele ya laptop, vepu iko kulia kwa kibodi, kila ukurasa ukifunguka taratibu mkono unakwenda. Sio arosto ile, ni mkono tu.

Kwa hiyo sijagusa nikotini wala wati. Nimefanya kitu kimoja, kuanzia saa 2 usiku vepu inakaa chumba kingine, nikitaka naruhusiwa, ila niinuke nikavutie hukohuko nikiwa nimesimama. Siku tano sasa. Hicho kipande cha usiku kimeshuka kutoka 320 mpaka 140. Sitawaficha, asubuhi imepanda kutoka 118 mpaka 150, mwili unadai cha jana. Jumla ni 650, mililita 5.2 hivi, nikotini miligramu 31.

Bi_Shuwari shikamoo, na asante sana mama. Pafu ya kwanza ilikuwa dakika 4, nilipima kwa saa ya simu na nilishtuka. Leo ilikuwa dakika 15. Naona ndo ninayoitazamia kuliko zote, sijui kwa nini, labda kwa sababu asubuhi bado sijachoka kujitetea.

Hamu_Imeisha nimeficha kaunta ya skrini kama ulivyosema. Ni kweli, nilikuwa naiangalia kila mara.

Swali langu la mwisho kwa KoiliMbili, koili imeanza kuleta ladha ya kuungua nataka nibadilishe. Hiyo 124 yangu inakufa?

Bi_Shuwari:

Marahaba mwanangu. Hiyo asubuhi kupanda isikutishe, ilikuwa lazima. Acha asubuhi kama ilivyo kwanza, mwili uzoee usiku mpya, ndo uje uishike. Ukizibana zote kwa pamoja utanirudia na sigara mkononi.

KoiliMbili:

Mkuu umefanya kazi safi sana, hizo namba nazihifadhi niwaonyeshe wengine ukiniruhusu.

Ndio inakufa, ila usipoteze mfululizo wako. Siku ya kubadilisha koili pima kwa mizani asubuhi na usiku, chukua mililita za mizani, gawanya sekunde za siku hiyo kwa hizo mililita unapata namba mpya bila kusubiri tenki liishe. Koili ikiwa ya aina ileile na omu (ukinzani wa umeme) zilezile haitaruka mbali na 124. Na ile mibonyezo ya kulowanisha pamba kabla ya kuvuta, reseti kaunta BAADA yake, isije ikakuharibia siku.

Halafu kwenye Excel weka safu moja ya ziada, andika "koili mpya" kwenye tarehe hiyo. Miezi mitatu mbele utaona mruko kwenye grafu na hutakumbuka ulitoka wapi.

Mvuke_Mwembamba:

Ruhusa unayo mkuu, zitumie. Nabadilisha kesho asubuhi, nimeshaweka mizani mezani.